Bunduki ya Kumsimamisha Nyati Anayekuja: .375, .416, .458 au Mitutu Miwili?

Nyati aliyepigwa risasi ya moyo atakufa, hilo halina ubishi. Lakini kabla hajaanguka anaweza kukimbia mita mia moja na zaidi, na kama mita hizo anazikimbia kuja kwako, kufa kwake baadaye hakutakusaidia. Ndiyo maana sisi tuliofanya kazi porini tunatenganisha maneno mawili ambayo mjini huonekana kuwa kitu kimoja: kuua na kusimamisha. Bunduki zinazoua nyati ni nyingi. Zinazomsimamisha akiwa hatua kumi na tano kutoka ulipo ni chache, na hata hizo hazimfai kila mtu.

Makala haya nimemwandikia anayelazimika kuchagua: kijana anayejifunza uwindaji bingwa, yaani kazi ya kuongoza wateja wanaowinda, na anatafuta bunduki yake ya kwanza ya wanyama hatari, askari wa wanyamapori aliyeulizwa kituo kinunue nini, au mgeni mwenye kibali anayekuja kuwinda Rungwa au Kilombero, Tanzania, na hajui alete ipi. Mkulima anayesumbuliwa na tembo simshauri bunduki yoyote kati ya hizi. Kazi hiyo ni ya askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, na kwa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, ni ya KWS, shirika la wanyamapori la huko. Gobore la babu mbele ya tembo halimwokoi mtu. Linamwongezea tembo hasira na kumwachia jeraha ambalo jirani atalilipia wiki ijayo.

Wanyama kwanza

Nyati dume hufika kilo 700 hadi 800 na zaidi. Akikimbia hufikia kasi ya kilomita 55 hivi kwa saa, yaani mita kumi na tano kwa sekunde moja. Akitoka kichakani mita thelathini mbele yako, una sekunde mbili. Simba akishambulia anaweza kufikia kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo sekunde mbili hizo hizo zinammalizia mita arobaini na zaidi. Kiboko anaonekana mzito, ila ukisimama kati yake na maji utashangaa miguu ile mifupi inavyofanya kazi. Chui hana uzito mkubwa, mara nyingi kilo sitini hivi, lakini huja chinichini na humwoni mpaka ameshafika. Tembo ni habari nyingine kabisa: fuvu lake limejaa mifupa yenye vijishimo kama sega la asali, ubongo umekaa ndani sana, na risasi isiyopenya inaishia humo.

Halafu kuna wale ambao watu hawawadhanii. Mbawala ni mnyama mdogo mwenye sura ya upole, lakini akijeruhiwa na kufuatwa kichakani hugeuka na kuja na pembe mbele. Palahala aliyelala chini huzungusha pembe zake nyuma kwa usahihi wa kutisha. Nyumbu na pundamilia watakimbia mbali wakiwa na risasi ambayo ingemwangusha swala papo hapo. Hawa hawahitaji bunduki ya tembo, ila wanastahili kichwa cha risasi imara na mtu asiyeharakisha kuwasogelea.

Ugumu wa mnyama aliyejeruhiwa ndiyo mizani yenyewe. Kule Tsavo mwaka 1898, John Henry Patterson alipowawinda simba wawili waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli, yule wa pili alikula risasi nyingi kwa muda wa siku kadhaa, na mpaka mwisho alikuwa bado anajaribu kumfikia mpigaji. Damu ikishapanda, mwili wa mnyama hauhesabu majeraha. Kinachomsimamisha papo hapo ni ubongo au uti wa mgongo. Kuvunja bega kunaweza kumwangusha au kumpunguza kasi. Mengine yote yanasubiri damu iishe.

Vipimo vya kulinganishia

Namba kama .375 na .458, tunazoziita kaliba, ni takriban kipenyo cha mtutu kwa sehemu za inchi. Nitazitazama bunduki zote kwa vipimo vinne.

Cha kwanza ni kupenya. Kichwa cha risasi lazima kifike kwenye ubongo au uti hata kikipita kwenye pembe, mfupa na msuli. Hapa aina ya kichwa ni muhimu kuliko jina la bunduki. Risasi laini hufunguka kama uyoga na kufanya jeraha pana. Inafaa kwa simba, chui na risasi ya kwanza ya nyati aliyetulia. Risasi ngumu, ya shaba nyeupe au iliyovikwa chuma, haifunguki. Inakwenda moja kwa moja. Kwa tembo na kiboko ni hiyo tu, na wengi wetu tunajaza ngumu tunapomfuata nyati aliyejeruhiwa, kwa sababu hujui atakupa upande gani.

Cha pili ni risasi ya pili. Itatoka upesi kiasi gani, na kwa uhakika gani?

Cha tatu ni bega lako. Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza ambaye pori kubwa la kusini mwa Tanzania lilipewa jina lake na ambaye aliuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917, alianza kuwinda ujanani kwa magobore makubwa yanayorusha donge la risasi la gramu zaidi ya mia moja. Baadaye alijuta kuwahi kuyagusa, kwa sababu teke lake lilimharibia ulengaji kwa miaka mingi. Hilo halijabadilika. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho wakati wa kuvuta kifyatulio, na aliyefumba macho halengi.

Cha nne ni upatikanaji: risasi, vipuri, fundi, na bei. Bunduki isiyo na risasi dukani Arusha au Dar es Salaam ni pambo la ukutani.

Kuna jambo la kisheria pia, na ni fupi. Tanzania, kama nchi nyingi za uwindaji barani, .375 ndiyo inayohesabiwa kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Umiliki wenyewe unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na uwindaji na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kibali cha bunduki na kibali cha kuwinda ni vitu viwili tofauti. Kimoja hakibebi kingine.

.375 H&H Magnum

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na zaidi ya karne moja baadaye bado ndiyo ninayoiona mabegani kuliko nyingine zote. Hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, nguvu ya karibu jouli 5,700.

Kupenya: Ukiitia risasi ngumu, inapenya vizuri kuliko kipenyo chake kinavyoonyesha. Kichwa ni kirefu na chembamba, kinashika njia. Kwa tembo inafika, mradi umepajua mahali. Upungufu wake uko kwenye ile hali ya nyati anayekuja na pembe juu, pale ambapo unaweza kukosa ubongo kwa upana wa vidole viwili. Bunduki kubwa, ikikosa kwa kiasi hicho, mara nyingi humyumbisha mnyama au kumpigisha magoti, ukapata muda. Ya .375 inaweza isimtikise.

Risasi ya pili: Karibu zote ni za bolti, yaani komeo unalolivuta kwa mkono ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Mtu aliyefanya mazoezi huvuta bolti na kulenga tena kwa sekunde moja na nusu hivi. Rudi kwenye hesabu ya juu: nyati wa mita thelathini anakupa risasi moja ya uhakika, na ya pili ukijaliwa. Faida ni kwamba bunduki haikurushi mbali na shabaha, kwa hiyo risasi hiyo ya pili huwa imelengwa kweli.

Bega: Teke lake ni kama mara mbili ya .30-06, bunduki ya kawaida ya kuwindia swala. Linasukuma, halichomi. Wengi hulizoea ndani ya siku chache, wanawake kwa wanaume, na ndiyo sababu nawashauri wanaoanza waanzie hapa.

Upatikanaji: Hakuna inayoishinda. Kampuni nyingi za silaha zinaitengeneza, na Brno na CZ za Kicheki zimetembea Afrika Mashariki kwa miongo mingi kiasi kwamba mafundi wanazijua. Ukiweka darubini ndogo unaweza kumpiga pofu mita mia mbili asubuhi na kumfuata nyati jioni. Tena vichwa vya uzito tofauti mara nyingi hugonga karibu mahali pamoja, jambo ambalo bunduki nyingi haziwezi.

Inamfaa anayetaka bunduki moja ya kila kitu, na mteja ambaye pembeni yake kuna mwindaji bingwa mwenye kubwa zaidi. Kwa mwindaji bingwa mwenyewe anayeingia kichakani kumtoa nyati aliyejeruhiwa na mtu mwingine, naiona iko mpakani. Nawajua walioifanyia kazi hiyo miaka mingi bila kupata dhara. Mimi singeichagua.

.416 Rigby na .416 Remington Magnum

Kuna siku bondeni Kilombero tulifuata damu ya nyati kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mfuatiliaji nyayo wetu, mzee aliyekuwa akisoma majani kama sisi tunavyosoma gazeti, alisimama ghafla akainua mkono. Nyati alikuwa amepinda na kurudi sambamba na nyayo zake mwenyewe, kama wanavyofanya, akawa anatungojea ubavuni. Alitoka kwa umbali ambao sikupata muda wa kuupima. Nilikuwa na .416. Risasi ya kwanza ilimpiga juu kidogo ya nilipotaka, akapiga magoti, akaanza kuinuka, na ya pili ikaingia shingoni. Ule muda wa magoti ndio ninaouzungumzia ninaposema kusimamisha.

Rigby iliundwa na John Rigby & Co. mwaka 1911. Kichwa kina gramu 26, mwendo mita 725 hivi kwa sekunde, nguvu karibu jouli 6,800. Ganda lake ni kubwa makusudi: baruti ya zamani ya kodaiti ilipandisha shinikizo kwenye joto la tropiki mpaka maganda yakanasa mtutuni, na ganda kubwa lenye shinikizo dogo likatibu hilo. Remington walitoa ya kwao mwaka 1988. Ganda ni jembamba zaidi, shinikizo ni la juu, lakini kasi ni ile ile. Kwa mnyama hakuna tofauti. Kwa mfuko ipo: ya Remington inaingia kwenye bunduki ya umbo la kawaida la .375, wakati Rigby inataka bunduki kubwa na ghali zaidi.

Kupenya: Kwa macho yangu, hapa ndipo penye uwiano bora. Ina uzito wa kumtikisa nyati na bado ina kasi ya kufika ndani kabisa kwa risasi ngumu.

Risasi ya pili: Bolti vilevile, tatu au nne kwenye magazini. Na hapa niseme neno kuhusu bolti zote, kwa kuwa si .416 pekee. Tafuta yenye ukucha wa kushika ganda, ule wa Mauser ya 1898. Ukucha huo hulikamata ganda mara tu linapotoka kwenye magazini, kwa hiyo hata ukiinamisha bunduki, ukianguka, au ukiacha bolti nusu kwa woga, ganda halidondoki wala hayaingii mawili kwa pamoja. Kwenye uwanja wa shabaha hutaona faida yake. Utaiona ukiwa umelala chali.

Bega: Mara mbili na nusu hadi tatu ya .30-06. Inavumilika kwa aliyejenga mazoea, ila si ya kuanzia.

Upatikanaji: Wastani. Risasi zipo, lakini agiza mapema. Usitegemee kuzikuta dukani msimu ukishafunguliwa.

.458 Winchester Magnum na .458 Lott

Winchester waliileta .458 mwaka 1956 kwa wazo zuri: nguvu ya bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ndani ya bunduki ya bolti ambayo mtu wa kawaida au idara ya serikali inaweza kuinunua. Wakafanikiwa. Idara za wanyamapori sehemu nyingi za Afrika ziliipokea, na mpaka leo ukikuta bunduki kubwa ya zamani kwenye ghala la kituo, uwezekano ni mkubwa kuwa ni hiyo.

Tatizo lilikuwa ganda fupi. Ili kupata kasi, baruti ilishindiliwa mno, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto zilianza kuganda baruti yake na kutoka dhaifu. Jack Lott, Mmarekani, alirushwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, na baada ya kupona alitafuta dawa. Mwaka 1971 akaja na .458 Lott: ganda refu, kichwa kile kile cha gramu 32, kasi ikapanda kutoka mita 640 hivi hadi karibu 700 kwa sekunde. Nguvu hufika jouli 7,900. Na uzuri wake mwingine, bunduki ya Lott inapiga pia risasi za .458 Winchester, kwa hiyo ukikwama kijijini ukapata za aina hiyo, hujakwama kabisa. Kinyume chake haiwezekani.

Kupenya: Lott inapita tembo kwa namna ambayo hainiachii swali. Winchester yenye risasi mpya inatosha. Yenye risasi za zamani usiiamini kwa mnyama yeyote. Risasi za ghala zilizokaa miaka kumi kwenye kontena la bati zitumieni mazoezini.

Risasi ya pili: Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Bolti ni ile ile, lakini mtutu umeruka juu zaidi na bega limeumia, kwa hiyo muda unarefuka. Msimu wangu wa kwanza nilipewa .458 nyepesi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeanza kuvuta kifyatulio kwa kushtuka, na bwana aliyekuwa akinifundisha aliligundua kwa njia rahisi: aliweka ganda tupu bila kuniambia, akaniambia nipige. Bunduki haikulia, lakini mtutu ulizama chini kama mtu aliyepigwa kofi. Nilihitaji msimu mzima na .375 ili nijifunze upya.

Bega: Lott ni mara tatu na nusu ya .30-06 hivi. Bunduki yake isipungue kilo nne na nusu, na kitako kiwe na mpira mzuri.

Upatikanaji: Winchester nzuri kuliko .416. Lott wastani.

Inawafaa askari wa kituo wanaoitwa kumwondoa kiboko au tembo aliyeua watu, na mwindaji bingwa ambaye kazi yake hasa ni risasi ya karibu. Mteja anayepiga risasi ishirini kwa mwaka haimfai, hata awe na kifua kipana namna gani.

Mitutu miwili, .470 Nitro Express

Hii ndiyo bunduki inayopigwa picha, na kwa sababu hiyo wengine huidharau kama pambo la matajiri. Si haki. .470 ilizaliwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ikapata umaarufu baada ya serikali ya Uingereza kule India kuzuia kaliba za .450 zisiangukie mikononi mwa waasi. Hurusha gramu 32 kwa mita 655 kwa sekunde. Nguvu karibu jouli 6,900, sawa tu na .416. Thamani yake haimo kwenye namba hizo.

Risasi ya pili: Ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Vifyatulio viwili, nyundo mbili, mitutu miwili. Ni bunduki mbili zilizounganishwa kitako kimoja. Moja ikigoma, nyingine inapiga. Kidole kinasogea sentimita mbili tu na ya pili imetoka, bila mkono kuondoka wala jicho kupoteza mnyama. Katika zile sekunde mbili za nyati, hakuna bolti inayoifikia. Inapanda begani kama bunduki ya ndege, inajilenga yenyewe.

Lakini ya tatu? Hapo inabidi uifungue, utoe maganda, utie mengine. Wanaoijua hushika risasi mbili kati ya vidole vya mkono wa kushoto muda wote, na wanafanya kazi hiyo kwa wepesi wa ajabu. Asiyefanya mazoezi hayo ana bunduki ya risasi mbili, basi.

Kupenya: Nzuri sana kwa umbali mfupi. Zaidi ya mita themanini hivi si mahali pake. Wengi hawaweki darubini.

Bega: Kwa kuwa ina uzito wa kilo tano hivi, teke ni zito lakini la polepole. Wengi huona ni afadhali kuliko Lott.

Upatikanaji: Hapa ndipo inapoumiza. Ya kiwandani ya Kijerumani ni bei ya gari zuri, na ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa mkono ni bei ya nyumba. Risasi moja ni mara mbili au tatu ya ile ya .375. Na mitutu yake imeunganishwa ili igonge mahali pamoja kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha aina, mtutu wa kulia na wa kushoto wanaweza kuachana. Kwa hiyo ukipata risasi inayoipenda, nunua za miaka.

Inamfaa mwindaji bingwa mzoefu ambaye kila mwaka anaingia vichakani, na mwenye fedha aliye tayari kujifunza. Kwa bunduki ya kwanza maishani, hapana.

Shotigani na bunduki za doria

Kwa chui aliyejeruhiwa, shotigani ya geji 12 yenye marisau makubwa ina watetezi wengi na wana hoja: ni nyepesi, ya haraka, na chui hana msuli mwingi. Nje ya mita kumi au kumi na tano marisau yanatawanyika na kukosa nguvu, na kwa simba au nyati haifai hata kidogo. Baadhi ya wenzangu wameiacha kabisa na wanamfuata chui kwa bunduki ile ile waliyoizoea. Sioni kosa kwa upande wowote.

Bunduki za kivita ambazo askari hubeba doria ni za kukabiliana na majangili. Risasi ya AK ya kawaida ina gramu 8 na nguvu ya jouli 2,000 hivi, pungufu ya nusu ya .375. Askari wanaotumwa kwa tembo na silaha hiyo peke yake wanatumwa vibaya, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ni vijana wanaotii amri. Kituo kikiwa na bajeti ya bunduki moja kubwa tu, inunuliwe, na wafunzwe watu wawili wa kuitumia.

Kabla hujalipa

Kuna mtu mmoja anayetajwa kila mazungumzo haya yanapoanza: W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, akaua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275, ambayo ni 7 mm tu. Watu humtumia kama ushahidi kwamba kaliba haina maana. Wanasahau kwamba aliyapasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila pembe, kwamba alipiga tembo waliotulia nchi ikiwa wazi, na kwamba alikuwa na mkono usiotetemeka. Alikuwa anaua. Mara chache alihitaji kusimamisha mnyama ambaye mtu mwingine alimjeruhi ndani ya matete. Chukua kutoka kwake elimu ya mahali pa kupiga, usichukue kaliba.

Kulingana na hali yako

Kijana anayeanza uwindaji bingwa: .375 ya bolti yenye ukucha, na fedha inayobaki iende kwenye risasi. Piga ukiwa umesimama, bila kuegemea kitu, mita ishirini na tano, risasi tatu mfululizo, kila wiki. Ukishaweza kuzitia zote kwenye sahani ya chai bila kufumba macho, anza kufikiria .416.

Mwindaji bingwa ambaye tayari ana wateja: .416 au Lott, kulingana na bega. Ikiwa maeneo yako ni ya matete na vichaka vizito, na umefika umri wa kuwa na akiba, mitutu miwili itakulipa. Ikiwa ni miombo iliyo wazi kama sehemu kubwa ya Rungwa, mteja atajeruhi mnyama mita mia na hamsini na utatakiwa kumpiga tena kabla hajapotea. Hapo bolti yenye darubini ndogo ina faida kuliko .470.

Kituo cha askari: .458 Winchester au .375, risasi mpya ngumu, na daftari linaloonyesha risasi zilinunuliwa lini.

Anayefuata chui tu, labda msimu mmoja kwa mwaka: bunduki yoyote uliyoizoea kuliko zote, hata kama ni shotigani.

Mgeni anayekuja kwa nyati wake wa kwanza: .375, na vichwa laini vya ubora pamoja na ngumu chache. Hiyo .416 uliyonunua mwezi uliopita iache nyumbani kama hujapiga nayo hata risasi mia. Na mwandikie mwindaji bingwa wako mapema umebeba nini na risasi za aina gani, ili naye ajue abebe ipi.